Pesa Hufuata Msimu: Mwongozo Kamili wa Kusimamia Ruzuku za Serikali za Utafiti wa Aktiki

Wazee wa pwani walikuwa na hesabu moja isiyobembelezeka: jahazi hufuata upepo. Aliyechelewa kufunga mizigo akaliona tanga likipotea baharini hakuwa na la kufanya ila kungoja msimu mwingine.

Fedha za utafiti wa Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, zinadai hesabu hiyo hiyo. Kule juu kuna wiki chache tu katika mwaka ambazo ndege inaweza kutua, meli inaweza kupita, na mtu anaweza kusimama nje na chombo chake mkononi. Hazina ya serikali nayo ina mwaka wake wa fedha, vikao vyake na saini zake, wala haiulizi barafu inasemaje. Msimamizi wa ruzuku anakaa katikati ya kalenda hizo mbili. Akizembea hapo, hata andiko la kuomba fedha lililo zuri kuliko yote litaishia kabatini.

Nimefanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya ruzuku ya chuo kimoja Marekani, nikihudumia miradi ya Alaska na Greenland. Nawaandikia Waswahili wenzangu waliojikuta kwenye ofisi kama yangu, na wale walioko nyumbani wanaosimamia mifuko ya utafiti ya serikali, wanaotaka kuona kazi hii inavyofanyika pale ambapo uwanja uko mbali, una hatari, na una wenyewe. Na hili si jambo la watu wa baridi peke yao. Barafu iliyolala juu ya Greenland, ikiyeyuka yote, ingeinua bahari ya dunia kwa takriban mita 7. Ndege wadogo wanaochokora matope ya Mida Creek pale Watamu maji yakitoka, baadhi yao wametoka tundra ya Siberia. Anayeipima Aktiki anaipima na Lamu.

Mfano wangu mkuu ni Marekani, kwa sababu ndiko ninakokujua. Mwishoni nitagusa Canada na Norway.

Hatua ya 1: Jua sheria inasema Aktiki ni wapi

Usianze na pesa, anza na ramani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1984 kuhusu utafiti na sera ya Aktiki haikuishia kwenye mstari wa latitudo 66 na nusu. Ilijumuisha nchi zote, za Marekani na za nje, zilizo kaskazini ya mstari huo. Ikaongeza ardhi ya Marekani iliyo kaskazini na magharibi ya mpaka wa mito ya Porcupine, Yukon na Kuskokwim. Kisha bahari zinazopakana nayo, zikiwemo Beaufort, Bering na Chukchi. Na mwisho mnyororo wa visiwa vya Aleutian. Baadhi ya visiwa hivyo viko latitudo karibu sawa na ya London. Kwa hiyo mtafiti wa ndege wa baharini kwenye visiwa hivyo ana haki ya kuomba, hata kama hajawahi kuona dubu mweupe. Nimeona maandiko mazuri yakikatwa tamaa mapema na wenye kuyaandika, kwa kuwa hawakusoma kifungu hicho.

Sheria hiyo hiyo iligawa kazi. Tume ya Utafiti wa Aktiki inatoa malengo na kumshauri rais na Bunge. Kamati ya idara mbalimbali za serikali, iitwayo IARPC, inatunga mpango wa miaka mitano. Shirika la Taifa la Sayansi, yaani NSF, ndilo linaloongoza kamati hiyo, na pia ndilo mfadhili mkubwa wa utafiti unaotokana na mawazo ya watafiti wenyewe. Lakini NASA, NOAA, Idara ya Nishati na ofisi ya utafiti ya jeshi la majini nao wana mafungu yao. Kabla hujapokea andiko, uliza kama kazi hiyo imepelekwa pia kwingine. Kulipia kitu kimoja mara mbili ni kosa ambalo mkaguzi halisamehi.

Hatua ya 2: Panga kalenda kinyumenyume

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa nitakaa.

Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani unaanza tarehe 1 Oktoba. Kwa karatasi, Bunge liwe limepitisha bajeti kabla ya siku hiyo. Kwa kweli, mara nyingi halijapitisha, na idara huendeshwa kwa ruhusa ya muda ya kutumia kiwango cha mwaka uliotangulia. Kipindi hicho miradi mipya hukaa foleni. Hali ikiwa mbaya zaidi serikali hufungwa kabisa: siku 35 kuanzia tarehe 22 Desemba 2018, na siku 43 kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025. Tazama miezi hiyo. Ni ile ile ambayo mtu anayetaka kuwa kwenye barafu Aprili au Mei anatakiwa awe anaagiza vifaa, anaajiri na kukata tiketi.

Sasa weka mbele yako mradi mmoja. Tuseme mtafiti anataka kuchukua sampuli za theluji Summit, kituo cha NSF kilichoko juu kabisa ya barafu ya Greenland, mita 3,216 kutoka usawa wa bahari. Anataka kuwa huko Juni 2028. Safari za Summit hubebwa zaidi na ndege za Hercules zenye skii za Kikosi cha 109 cha Air National Guard, jeshi la akiba la anga, cha New York, kupitia uwanja wa Kangerlussuaq. Ndege hizo huanza kwenda majira ya kuchipua na hukoma kiangazi kikiisha. Nafasi za abiria na uzito wa mizigo hugawanywa wakati wa baridi. Mizigo lazima ifike kambi ya kikosi hicho, Scotia, New York, wiki kadhaa kabla ya safari. Basi, rudi nyuma pamoja nami. Ili vifaa viwe Scotia majira ya kuchipua 2028, viagizwe vuli ya 2027. Ili viagizwe vuli, barua ya ruzuku iwe imetoka kabla ya hapo. NSF ina desturi ya kulenga kutoa jibu ndani ya miezi 6 tangu kupokea andiko, na jibu la ndiyo bado linahitaji wiki za hesabu na saini. Kwa hiyo andiko liwe mezani mapema 2027, na mazungumzo na wasafirishaji, na wenyeji pale wanapohusika, yawe yameanza vuli ya 2026.

Karibu miaka miwili kwa wiki tatu za kazi. Mtafiti kijana akiambiwa hivyo hushtuka. Mwambie mapema ashtuke mapema.

Kwa Utqiaġvik, mji wa kaskazini kabisa ya Marekani, kalenda ni nyingine. Hakuna barabara ya kufika huko kutoka miji mingine. Vitu vizito vinakuja kwa tishari mwishoni mwa kiangazi, barafu ya bahari ikiwa imeachia. Vingine vyote kwa ndege, kwa bei ya ndege. Mradi mmoja niliouhudumia uliacha betri zake za lithiamu nje ya shehena ya tishari, msaidizi akidhani zitafuata na abiria. Betri kubwa za aina hiyo huhesabiwa mizigo ya hatari. Hazikupandishwa. Vyombo vya kupimia vilifika, vikakaa kwenye kontena majira yote ya baridi bila umeme, na mwaka wa kwanza wa data ukapotea. Tangu hapo, katika orodha yangu ya kila mradi, swali la tatu ni: betri zinasafirije?

Kisha kuna kalenda ambayo haimo kwenye tovuti ya serikali yoyote: uwindaji. Wainupiat, wenyeji wa pwani hiyo, huwinda nyangumi majira ya kuchipua na tena vuli. Uwindaji huo ni chakula, ni undugu, ni heshima ya mji. Kelele za injini zinaweza kuwafukuza nyangumi. Tume ya Wawinda Nyangumi ya Alaska ipo tangu 1977, na manahodha wa meli za utafiti kama Sikuliaq na Healy huwasiliana na jamii za pwani ili wasikatize maji ya uwindaji. Weka tarehe hizo kwenye kalenda yako kwa wino ule ule unaoandikia tarehe za Bunge.

Hatua ya 3: Andika tangazo linalosema ukweli

Tangazo la kuita maandiko ndilo mkataba wa kwanza kati ya serikali na watafiti. Liseme wazi mafungu yaliyopo. Upande wa Aktiki, NSF imekuwa na programu za sayansi asilia, sayansi ya jamii, mfumo mzima wa Aktiki, na mtandao wa uangalizi wa muda mrefu, kila moja na maswali yake. Mtafiti asiyejua pa kuingilia apewe jina la afisa wa kumpigia simu, na simu hiyo ipokewe. Dakika 20 za mazungumzo kabla ya kuandika zinaokoa miezi ya kuandika kitu ambacho hakitafadhiliwa.

Tenga fungu dogo la ruzuku za maandalizi. Hili lilijifunzwa kwa maumivu. Mwaka 2016 NSF ilitangaza mawazo yake kumi makubwa, na moja lilikuwa Navigating the New Arctic, juu ya mabadiliko ya mazingira na maisha ya watu wa kaskazini. Watafiti walimiminika. Vijiji vya Alaska vikajikuta vinapokea barua za kuombwa ushirikiano kutoka kwa watu wasiowajua, siku chache kabla ya tarehe ya mwisho. Machi 2020, taasisi za wenyeji, Kawerak ikiwa mojawapo, ziliiandikia NSF kueleza kwamba programu inayosema inawahusu imeundwa bila wao. Mwaka 2021 NSF ilifadhili ofisi ya kuunganisha programu hiyo na jamii. Ninachokisoma mimi hapo ni hiki: ukidai ushirikiano ndani ya andiko bila kulipia muda wa kuujenga, unapata saini za haraka, hupati ushirikiano.

Kanuni za kufanya utafiti Aktiki, zilizopitiwa upya na IARPC mwaka 2018, ni tano: uwajibikaji, mawasiliano yanayofika, kuheshimu maarifa na utamaduni wa wenyeji, kujenga uhusiano unaodumu, na kutunza mazingira. Ziweke ndani ya tangazo, si kwenye kiambatisho.

Hatua ya 4: Tenganisha bajeti ya sayansi na bajeti ya kufika

Mfumo wa NSF una hekima moja ninayoipenda. Gharama kubwa za usafiri na kambi haziingii zote kwenye mfuko wa mtafiti. Kuna programu ya msaada wa utafiti na usafirishaji, na kuna mkandarasi anayepanga ndege, mahema, redio na chakula. Mtafiti anazungumza na mkandarasi kabla ya kuwasilisha andiko, anapewa makadirio, makadirio yanaambatanishwa, na NSF inalipa upande huo moja kwa moja. Faida yake ni kwamba jopo linaiona sayansi kwa thamani yake, na afisa anaona gharama kamili kabla hajasema ndiyo.

Ili ujue kwa nini makadirio hayo ni makubwa, angalia pipa moja la mafuta ya ndege. Ujazo wake ni kama lita 205. Likijaa, lina uzito wa kama kilo 180. Twin Otter, ile ndege ndogo ya injini mbili inayotua kwenye theluji, inakunywa zaidi ya pipa moja kwa saa. Kambi ikiwa mbali kiasi kwamba ndege haiwezi kwenda na kurudi kwa tangi moja, lazima mapipa yatangulizwe njiani. Anayeyatanguliza ni nani? Ndege hiyo hiyo. Nayo katika kuyapeleka inakunywa. Unaona hesabu inavyojila: unachoma mafuta ili kupeleka mafuta, na safari moja ya watafiti wanne imetanguliwa na safari kadhaa ambazo hazikubeba mtafiti hata mmoja. Ongeza siku za ukungu rubani akiwa amekaa, na malipo yake yanaendelea.

Kwa hiyo, ukiona makadirio ya kambi ya mbali, uliza maswali matatu. Mafuta yatakaa wapi? Siku ngapi za hali mbaya ya hewa zimehesabiwa? Mapipa matupu nani anayarudisha? Asiyeweza kujibu la tatu hajapanga bado.

Pale inapowezekana, mwelekeze mtafiti kwenye kituo kilichopo. Toolik, kituo cha Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks kilichoanza 1975 kaskazini ya milima ya Brooks, kinafikika kwa barabara, kina maabara na kina data za miongo. Swali la sayansi linaloweza kujibiwa Toolik lisipelekwe mahali pa helikopta kwa sababu ya mandhari.

Hatua ya 5: Simamia mapitio kwa haki

NSF hupima andiko kwa vigezo viwili: ubora wa kisayansi na manufaa mapana kwa jamii. Wapitiaji hutoa alama kuanzia bora sana hadi dhaifu, jopo hujadili, kisha afisa wa programu hutoa pendekezo. Alama si kura. Afisa anaruhusiwa kupendekeza andiko la alama ya kati likiwa linafungua eneo jipya au linamuinua mtafiti anayeanza, ila aandike sababu kwa namna ambayo mtu mwingine akisoma baada ya miaka mitano ataelewa.

Ugumu wa Aktiki ni udogo wa ukoo wake. Wanaojua kutoboa barafu hadi chini kabisa wanafahamiana. Wamelala hema moja, wameandika pamoja, mmoja alimfundisha mwenzake. Mgongano wa maslahi uko kila upande. Usiufunike. Orodhesha washirika wa kila mwombaji, tafuta wapitiaji nje ya nchi, na anayegongana atoke chumbani andiko hilo likijadiliwa. Miradi inayogusa vijiji ipitiwe pia na watu wa huko, nao walipwe kama wapitiaji wengine.

Hatua ya 6: Barua ya ruzuku na masharti

Barua pepe ya afisa wa programu ikisema "napendekeza ufadhiliwe" bado si pesa. Ni afisa wa ruzuku peke yake mwenye mamlaka ya kuifunga serikali kwa saini. Kila mwaka kuna mtafiti anayeagiza kifaa kwa furaha ya barua pepe. Mzuie.

Chagua aina ya ruzuku kwa kufikiria. Ipo ile inayotolewa yote mara moja, na ipo inayotolewa kwa vipande kila mwaka. Vipande husaidia kufadhili miradi mingi, lakini kila kipande kinategemea bajeti ambayo Bunge halijapitisha. Mradi wenye msimu mmoja mkubwa wa uwanjani mpe fedha za msimu huo kabla ya msimu. Usimkatie kipande cha pili Julai wakati meli inaondoka Juni.

Vibali viwe sharti la kuanza kazi ya uwanjani. Greenland ina vibali vyake, ardhi ya Alaska ina wenyewe tofauti tofauti, wanyama wana sheria zao. Aktiki ni ya mataifa manane, na mwaka 2017, pale Fairbanks, mataifa hayo yalitia saini mkataba wa kurahisisha ushirikiano wa kisayansi, ukaanza kutumika 2018. Lakini tangu 2022 ushirikiano wa wafadhili wengi wa Magharibi na taasisi za Urusi umesimama, na Urusi ndiyo yenye karibu nusu ya pwani ya Aktiki. Andiko linalotegemea data za upande huo lazima lionyeshe njia mbadala.

Hatua ya 7: Matumizi, na deni kwa wenyeji

Kanuni za fedha za serikali kuu ya Marekani zinauliza mambo matatu kwa kila dola: inaruhusiwa? ni ya kadiri? inahusika na mradi huu? Kwa miaka ya fedha ya taasisi inayoanza tarehe 1 Oktoba 2024 au baadaye, taasisi inayotumia dola 1,000,000 au zaidi za serikali kuu kwa mwaka ndiyo inayolazimika kufanyiwa ukaguzi maalumu; kabla ya hapo kiwango kilikuwa 750,000. Tiketi za ndege zina kanuni yake: fedha za serikali zisafiri na mashirika ya Marekani, isipokuwa mikataba ya anga, kama ule wa Umoja wa Ulaya, inaporuhusu vingine. Kwa kuwa njia za kawaida za kwenda Greenland na Svalbard, visiwa vya Norway, hupita Iceland, Denmark au Norway, andika sababu kabla tiketi haijakatwa. Baada ya safari ni kuchelewa.

Lakini linaloniuma zaidi halimo kwenye kanuni hizo.

Msimu mmoja nililetewa ankara iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Siku 4, pikipiki ya theluji, mafuta galoni 30, ulinzi dhidi ya dubu. Chini yake jina na namba ya simu ya kijijini. Mzee huyo alikuwa amesimama na bunduki begani siku nne kwenye barafu ya bahari, akitazama upeo wa macho wakati watafiti wameinamisha vichwa kwenye mashimo yao. Mafuta aliyanunua mwenyewe, na kijijini galoni moja ni ghali kuliko mjini. Mfumo wa malipo ukamkataa: hajasajiliwa kama muuzaji. Akatumiwa fomu kwa barua pepe. Mtandao wa kijiji dhaifu. Fomu ikarudi, ikakosa sahihi moja. Akalipwa siku ya 71. Mwaka uliofuata, kiongozi wa mradi alipopiga simu kutafuta mlinzi, hakupata mtu. Haki yao.

Basi fanya hivi. Wasajili walinzi, wapishi, waongozaji na wazee watakaohojiwa mara tu barua ya ruzuku inapofika, miezi kabla ya msimu. Wape fomu kwa karatasi, mkononi, na bahasha ya kurudishia. Omba ruhusa ya kulipa sehemu mbele kwa mafuta. Penye shirika la kijiji au baraza la kabila, fikiria kulipa kupitia ruzuku ndogo kwa shirika hilo: wanawalipa watu wao wenyewe haraka, na wanapata nao fungu la uendeshaji. Taasisi isiyo na kiwango chake cha gharama za uendeshaji kilichokubaliwa na serikali inaweza kudai kiwango cha kawaida, ambacho tangu Oktoba 2024 kilipanda kutoka asilimia 10 hadi 15. Wengi vijijini hawajui. Waambie.

Hatua ya 8: Msimu ukiharibika

Utaharibika. Sharti uwe umeshajua utafanya nini.

Safari ya MOSAiC ni ya kukumbuka hapa. Vuli ya 2019 meli ya Ujerumani, Polarstern, iligandishwa kwenye barafu kwa makusudi ili ielee nayo mwaka mzima, mataifa 20 yakishiriki, gharama ikizidi euro milioni 140. Mwaka 2020 uviko ukafunga viwanja vya ndege na mpango wa kubadilisha watu ukavunjika. Ilibidi Polarstern iache kipande chake cha barafu kwa wiki kadhaa, ikakutane na meli mbili za Kijerumani karibu na Svalbard, wabadilishane watu na chakula, kisha irudi. Mabadiliko kama hayo yanahitaji mtu wa kupigiwa simu, na huyo awe na mamlaka ya kuamua.

Kwa ruzuku za kawaida una zana mbili. Taasisi inaweza yenyewe kujiongezea muda mara moja, hadi miezi 12, bila pesa mpya, mradi itoe taarifa kabla ruzuku haijaisha. Na unaweza kuhamisha fedha kati ya vifungu, baadhi kwa ruhusa, mengi bila. Tatizo ni kwamba muda ukiongezwa mishahara haiongezeki. Mwanafunzi wa uzamivu aliyekosa msimu anahitaji mwaka mwingine wa posho. Weka akiba ya programu kwa ajili yake. Na angalia umri wa pesa yenyewe: fedha za utafiti za NSF hugawiwa ndani ya miaka 2, kisha zina miaka 5 ya kulipika, halafu hufutwa.

Hatua ya 9: Ripoti na data

Ripoti ya mwaka inatakiwa siku 90 kabla ya kipindi cha bajeti kuisha, ya mwisho ndani ya siku 120 baada ya muda wa ruzuku kuisha. Iliyochelewa huzuia fedha mpya za mtafiti huyo na hata za wenzake walioandikwa naye. Weka vikumbusho, piga simu, maliza.

Data ndiyo mali yenyewe, kwa kuwa msimu wa 2019 hauwezi kupimwa tena. NSF inataka data za Aktiki ziwekwe kwenye hifadhi ya umma ndani ya miaka 2 tangu kukusanywa, au kabla ruzuku haijaisha, lolote litakalotangulia. Hifadhi yake kuu, Arctic Data Center, iko Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, tangu 2016. Usikubali neno "zimewekwa" bila kufungua faili na kuangalia kama mtu mgeni angeelewa safu zake. Mahojiano na wazee, mahali pa kuvua, makaburi: hayo wenyewe ndio waamue nani ayaone.

Ukiwa Canada au Norway

Canada ina programu ya Polar Continental Shelf, tangu 1958, ambayo badala ya kutoa hundi hutoa saa za ndege, mafuta na malazi, kambi yake kuu ikiwa Resolute. Nunavut, eneo la kaskazini la nchi hiyo, lazima upate leseni ya utafiti, na mkakati wa utafiti wa Wainuit wa 2018 unadai wenyeji wawe na sauti katika kugawa fedha zenyewe. Norway, kila mradi wa Svalbard uandikishwe kwenye daftari la Research in Svalbard, na kazi ya uwanjani ipate ruhusa za gavana pale zinapotakiwa. Wanafunzi wana ruzuku ndogo, Arctic Field Grant. Nje ya makazi lazima uwe na vifaa vya kumfukuza dubu, na gharama za mafunzo ya silaha ziwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Hatua ya 10: Kufunga

Hesabu zikishafungwa, kumbukumbu hukaa miaka 3 tangu ripoti ya mwisho ya fedha. Vifaa vyenye thamani viorodheshwe na mwenyewe ajulikane. Matokeo yarudi kijijini kabla ya mkutano wa kimataifa, kwa lugha ya watu, na mtafiti aende mwenyewe. Lipia safari hiyo, iwe kifungu chake katika bajeti tangu siku ya kwanza.

Mwisho, faili la uwanjani. Kila nguzo iliyochomekwa kwenye tundra, kila chombo kilichozikwa, kila pipa lililoachwa kwenye theluji lina latitudo na longitudo yake. Orodha hiyo iwe na tarehe ya kuondolewa na jina la atakayeondoa. Penye nafasi tupu kwenye safu hiyo, usitie saini.